Sauti Ina Mwenyewe

Kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Batha, Riyadh, simu ya Dalmas Odero ilikuwa imeita mara mbili, na mara zote mbili aliitazama ikitetemeka juu ya godoro mpaka ikanyamaza yenyewe. Alimjua anayepiga. Alijua anachotaka. Lililomshinda kulijua ni jibu.

Aliyepiga alikuwa Mitchelle, Mkenya mwenzake, msimamizi wa sauti za Kiswahili katika studio moja ndogo ya Riyadh. Studio hiyo ilichukua tamthilia ndefu ya Kiarabu, hadithi ya ukoo wa wafanyabiashara wa lulu, ikaivua Kiarabu chake na kuivika Kiswahili ili itazamwe Nairobi, Kisumu na Mombasa. Waliotia sauti walikuwa madereva, walinzi na wafanyakazi wa nyumbani, waliokuja siku ya Ijumaa walipopewa nafasi ya kupumzika. Na sauti iliyoibeba tamthilia nzima ilikuwa ya Griffins Omollo, mlinzi wa lango, ambaye kwa vipindi arobaini alimsemea Baba Nasir, mkuu wa ukoo ule. Kisha, majuma mawili yaliyopita, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia Jeddah kulinda ghala. Baba Nasir akabaki bila ulimi, na vipindi arobaini vingine vilikuwa vikingoja.

“Sauti yako na ya Griffins ni kama maji na maji,” Mitchelle alikuwa amemwambia Jumapili. “Chukua wewe. Nipe jibu kabla ya Jumatano magharibi, maana Ijumaa tunarekodi.”

Sasa ilikuwa Jumatano.

Lau kazi hiyo ingekuwa ya mtu baki, Dalmas angeikubali kabla simu haijapoa. Lakini Griffins ndiye aliyemshika mkono akamwingiza studio. Ndiye aliyemwombea neno lake la kwanza, neno la askari anayebisha usiku: “Fungua mlango!” Na neno hilo lilikuwa limefika hadi Homa Bay, kwenye simu ya mama yake Dalmas, ambako binti yake Ivy alilisikia akaruka kitini. Dalmas alimwacha mtoto huyo akiwa na miaka mitano. Sasa alikuwa na tisa. “Baba, ni wewe uliyesema fungua mlango,” alimwambia. “Mbona umesema mara moja tu?”

Swali hilo lilimkosesha utulivu tangu siku hiyo. Askari husema mara moja tu. Baba Nasir husema kila jioni.

Kwa siku nne alikuwa akijiambia kwamba atampigia Griffins kesho. Na kesho, kama ijulikanavyo, haina mwenye kuidai.

Kazi ya udereva iliyomngoja asubuhi hiyo ilikuwa ya kuwachukua wageni wawili kutoka hoteli moja na kuwafikisha Jeddah. Dhoruba ya vumbi ilikuwa imesimamisha ndege tangu usiku, na wageni walitakiwa kuwa Balad, mji wa kale wa Jeddah, saa mbili usiku, filamu yao ya zamani itakapoonyeshwa katika ua wa nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe. Walikuwa waigizaji kutoka Hungaria, wote wawili wa miaka sitini na minane, waliosoma chuo kimoja cha uigizaji, darasa moja. Walikuwa Riyadh siku mbili wakifundisha vijana. Hayo ndiyo Dalmas aliyoambiwa. Ambalo hakuambiwa ni kwamba watu hao hawasemezani.

Aligundua mapema. Wa kwanza, Tibor Bakonyi, alikaa mbele bila kusalimu. Alikuwa na uso ambao hata uzee ulikuwa umeuogopa: taya lililonyooka, macho ya kijivu, nywele nyeupe zilizolala kwa utii. Lakini alipofungua kinywa, ilitoka sauti nyembamba yenye mikwaruzo, kama ufunguo unaotafuta tundu gizani. Wa pili, Elemér Tarcsai, alikaa nyuma. Huyo alikuwa mfupi, mwenye kipara na masikio makubwa, mtu ambaye ungempita sokoni bila kumwona. Aliposema “Habari za asubuhi” kwa Kiingereza chake cha kujifunza, Dalmas aligeuka kutazama ni nani mwingine aliyeingia garini. Ilikuwa sauti nene, yenye joto, kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa anayempenda.

Hawakuwa wamefika mbali na mji Tibor aliposema, macho yakiwa mbele, “Mwambie bwana aliye nyuma afunge dirisha. Vumbi linaingia.”

Dalmas alimtazama Elemér kwenye kioo. Mzee huyo hakuwa kiziwi. “Bwana Elemér,” alisema kwa adabu, “bwana aliye mbele anaomba ufunge dirisha.”

“Mwambie limefungwa tangu hotelini. Vumbi analoliona liko kichwani mwake.”

“Bosi, anasema limefungwa.”

“Hakusema hivyo tu. Fikisha yote.”

Dalmas alifikisha yote.

Wakaenda hivyo saa tatu nzima. Dhoruba ilikuwa imeimeza barabara. Malori yalitokea ghafla kutoka katika wekundu wa vumbi, yakapiga honi, yakatoweka. Ndani ya gari, maneno yalipita katika kinywa cha Dalmas kama mizigo katika mikono ya kuli. Mwambie asigonge kiti changu kwa goti. Mwambie goti langu ni fupi, halifiki. Mwambie tangu chuoni alikuwa akila vitunguu kabla ya safari. Na kwa kuwa akili yake ilikuwa kwenye simu, Dalmas hakutambua alipoanza kuwaiga. Ujumbe wa Tibor aliutoa kwa mikwaruzo. Wa Elemér akauteremsha kifuani. Alishtuliwa na kicheko cha nyuma.

“Wewe umefanya kazi hii,” alisema Elemér.

“Kazi gani, bosi?”

“Ya kusema kwa mdomo wa mwingine.”

Kabla Dalmas hajajibu, simu iliita, na kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa na spika za gari, sauti ya Mitchelle ililijaza gari lote. “Dalmas! Unanikimbia kama deni? Nimesema magharibi, na magharibi haingoji mtu. Ni ndiyo ama ni hapana. Yalla!”

“Niko barabarani, Mitchelle, nawapeleka wageni wa filamu Balad. Nitakupigia.”

“Hivyo ndivyo ulivyosema jana.” Akakata.

Wageni hawakujua hata neno moja la Kiswahili, lakini Elemér aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mwangwi. “Mwanamke huyo anakutaka ujibu jambo,” alisema. “Wewe unalitaka jambo hilo, tena sana. Na unaona haya.”

“Umejuaje, bosi?”

“Miaka arobaini nimekuwa nikisikiliza watu kwa lugha nisizozijua, kisha nikasema walichosema. Maneno hunifikia mwisho.”

Labda ni kwa sababu walikuwa wageni ambao kesho wangekuwa wamekwenda zao. Labda ni ule uchovu wa kubeba jambo siku nne bila kulitua. Dalmas akawaeleza yote: Griffins, Baba Nasir, neno la askari, mtoto wa Homa Bay.

Tibor alimgeukia kwa mara ya kwanza. “Umempigia rafiki yako?”

“Bado.”

“Bado!” Mzee akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikavu kuliko jangwa la nje. “Mwulize bwana aliye nyuma maana ya neno ‘bado’. Yeye ni bingwa wake.”

Dalmas hakuuliza. Haikuhitajika. Elemér alikuwa ameshavua miwani na kuanza kuifuta kwa tai yake.

“Miaka arobaini na miwili iliyopita,” alianza, “Tibor alipata filamu yake ya kwanza, hiyo hiyo tunayokwenda kuitazama leo. Alikuwa mpanda farasi. Uso wake uliwafaa, sauti haikuwafaa. Siku hizo filamu zetu nyingi zilipigwa kwanza, sauti zikatiwa baadaye studioni. Mwongozaji aliniita mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na sijapata kazi hata moja. Akaniambia: sema maneno yake, na nipe jibu kabla ya jioni. Nikampa. Nikajiambia nitampigia Tibor kesho.”

“Haitoshi,” alisema Tibor kwa Dalmas. “Mwambie aendelee. Asiruke ya mama yangu.”

Elemér aliendelea kuifuta miwani. Kwa hiyo Tibor ndiye aliyeendelea, akikitazama kioo cha mbele kilichofunikwa vumbi.

“Nilimtoa mama yangu kijijini kwa treni aje kuona siku ya kwanza ya kuonyeshwa. Alivaa kitambaa chake cha kanisani. Nikatokea juu ya farasi, mkubwa kama nyumba, nikafungua mdomo, akatoka mtu huyu. Mama akanishika mkono. Akaninong’oneza: ‘Mwanangu, wameifanya nini sauti yako?’ Mimi pia nilikuwa nikiisikia mara ya kwanza. Nilipata umaarufu, Dalmas. Watu walinisimamisha barabarani, nikawaitikia, wakanitazama kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Waongozaji wakanipa majemadari wasiosema, mashujaa wanaokufa kabla ya kuhutubia. Miaka arobaini ya kunyamaza juu ya farasi.”

“Na mimi,” alisema Elemér taratibu, “miaka arobaini ya kusema gizani. Nimewasemea nyota wa nchi kumi. Nikiagiza nyama buchani, watu hugeuka kumtafuta shujaa wa filamu. Wakiniona, hurudi kwenye nyama.”

Dalmas aliendesha. “Bwana Tibor,” alisema baadaye, “kama angekupigia siku ile, ungemjibu nini?”

“Ningekataa. Ningemtukana, pamoja na ukoo wake. Lakini ningeingia sinema ile nikiwa najua, na mama yangu ningemwambia mapema.”

Baada ya Taif dhoruba ilikuwa imelegea, na jua lilikuwa limeanza kuchoka. Dalmas aliegesha kwenye kituo cha mafuta. Angeweza kushuka aende kupiga simu kando ya choo, mbali na masikio. Hakushuka. Huenda alihitaji mashahidi, kwa kuwa bila wao angeliahirisha tena.

“Omera, ndugu!” Sauti ya Griffins ililipuka kwenye spika, na wazee wote wawili wakainua vichwa. Kweli ilikuwa sauti pacha ya dereva wao. “Leo umenikumbuka? Nilidhani jangwa limekumeza na gari lako.”

“Niko njiani kuja Jeddah.”

“Karibu! Lakini hapa kwangu mafi sukari, mafi majani. Ukitaka chai ujibebee.”

“Griffins, kuna jambo. Mitchelle anataka nimsemee Baba Nasir.”

Upande wa pili, lango la chuma lilisikika likigongwa na upepo.

“Tangu lini?”

“Jumapili.”

“Leo ni Jumatano.”

“Najua.”

“Jumatatu tuliongea, Dalmas. Ulinieleza habari za tairi. Nusu saa nzima, tairi! Na mimi mjinga nikakuonea huruma na tairi lako.”

“Najua, ndugu yangu. Nilishindwa kukuambia. Sasa nakuuliza.”

“Unaniuliza?”

“Nakuuliza.”

“Basi sikiza vizuri. Hapana. Nimemwomba kafili ruhusa za Ijumaa, amesema atafikiria. Yule mzee nilimuumba mimi, kikohozi kwa kikohozi. Ni wangu. Sikupi.”

Simu ikakatika.

Saa ya gari ilionyesha dakika ishirini kabla ya magharibi. Hakuna ambaye angemlaumu Dalmas kama angesema ameuliza, na kuuliza kunatosha. Alilifikiria hilo. Alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Alimwona Ivy ameketi mbele ya simu ya bibi yake akingoja mlango ugongwe tena. Kisha akabonyeza jina la Mitchelle upesi, kama mtu anayeng’oa jino.

“Sichukui,” alisema.

“Mungu wangu! Kwa nini?”

“Mwenyewe amekataa.”

“Mwenyewe ni nani? Anayeulizwa vipindi ni mimi! Halas, yamekwisha! Nampigia Wesley asome yeye.”

“Mitchelle, Wesley ana sauti ya mbuzi.”

“Mbuzi aliye Riyadh ananifaa kuliko simba aliye Jeddah.” Naye akakata.

Dalmas aliliwasha gari. Hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyeacha nyama motoni kwa heshima ya jirani, kisha akasikia mbwa wakiila. Waliteremka mlima wa Hada kona baada ya kona, kando kukiwa na nyani walioketi ukingoni kama wazee wa baraza, wakashika barabara ya kando wanayoipita wasio Waislamu kuizunguka Makka.

“Mimi ningemwomba ruhusa,” alisema Elemér ghafla, bila kumtuma mtu, “naye angekataa. Leo ningekuwa nauza viatu.”

Tibor alikuwa amelaza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. “Na mama yangu angenisikia,” alikiambia kioo.

Halafu wakaanza kusemezana kwa lugha yao, maneno mafupi, magumu, kama watu wawili wanaovunja mawe. Dalmas hakuambulia hata moja. Kama walikuwa wakipatana au wakigombana upya, hakujua. Aliona tu kwamba hakuna tena aliyemwambia “mwambie”.

Waliingia Balad muda mfupi kabla ya saa mbili. Vichochoro vilijaa watu, makuli wakisukuma mikokoteni ya vitambaa chini ya madirisha ya mbao yaliyochongwa. Uani, viti vilikuwa vimepangwa kwa safu, na viwili vya mbele viliandikwa majina ya wageni, bega kwa bega. Tibor alikaa penye jina lake. Elemér alikitazama kiti cha pili, akatikisa kichwa, akamgeukia Dalmas.

“Mwambie nitakaa nyuma. Nimezoea.” Akaenda zake nyuma.

Dalmas alifungua kinywa kuufikisha ujumbe, lakini Tibor alikuwa ameshainuka. Akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakibeba juu ya vichwa vya watu mpaka safu ya mwisho, ukutani, akakitua kando ya Elemér kwa kishindo. Hakumtazama. Akakunja mikono, akangoja taa zizimwe.

Dalmas alirudi kwenye gari. Palikuwa na mtu ameegemea mlango wake, amevaa sare ya ulinzi, kofia mkononi. Ilikuwa juma la tatu sasa tangu waonane mara ya mwisho, na Griffins alikuwa amekonda.

“Umejuaje nilipo?”

“Mitchelle. Amenipigia kunitukana, akaniambia na jina la kichochoro.” Hakumpa mkono. “Wesley, Dalmas? Wesley? Yule anayesoma kama anayenadi kuku?”

“Ulisema hapana.”

“Nilisema hapana kwako! Sikusema mzee wangu apewe mbuzi!” Alipiga paa la gari kwa kiganja, halafu akakitazama kiganja chenyewe. “Ningeisikia sauti yako hewani bila wewe kuniambia, ningekuchukia tu. Sasa umeniambia, basi nakuchukia huku nakuheshimu, na hiyo inachosha. Fungua gari.”

Waliketi mbele, milango imefungwa, vioo vimepandishwa. Griffins aliitoa simu yake na kuitafuta picha ya Baba Nasir, mzee wa Kiarabu mwenye ndevu za fedha, akaisimamisha juu ya usukani.

“Mitchelle amekubali kuwasikiliza wote wawili Ijumaa, wewe na mbuzi,” alisema. “Hajaahidi kitu. Na kafili akiniruhusu, kipindi cha harusi ni changu. Hicho usikiguse.”

“Sikigusi.”

“Haya. Mwanawe Nasir ameuza jahazi la ukoo. Sema: Nasir, umeniuza mimi.”

Dalmas alisema.

“Mafi. Umekasirika kama dereva. Tazama mdomo wake. Yule mzee akikasirika, kwanza hukohoa. Kidogo, kana kwamba anaitafuta adabu yake mfukoni. Niligundua katika kipindi cha tatu. Midomo husogea kabla ya neno, na usipokohoa neno linafika limechelewa.”

Kutoka upande wa pili wa ukuta, filamu ilikuwa imeanza. Kwato za farasi zilisikika, kisha sauti ya kijana ikapanda juu ya mapaa ya Balad, nene, yenye joto, ikisema maneno yasiyoeleweka kwa yeyote kichochoroni. Kuli mmoja alisimama na mkokoteni wake akageuza kichwa.

Dalmas alikohoa.

“Hayo ni mafua,” alisema Griffins. “Tena.”